Tope la Shimo la Nne

Msomaji, mkono wa Kamba bado uko juu ya daftari, pale pale tulipouacha. Kalamu imegusa karatasi. Haijaandika kitu.

Mbele yake, juu ya gunia, limelala bomba la chuma lililotoka shimo la nne. Baba yake mzazi ameapa miaka kumi na miwili kwamba pale alimwaga mawe na moramu, changarawe ile nyekundu ya barabara. Ndani ya bomba, kwenye kina cha mita moja na nusu, kuna udongo mweusi. Mweusi tii, unaonata kidoleni kama gundi.

Na nyuma yake amesimama Mjomba, fundi wa mtambo wa kuchimba, mdogo wake marehemu mama. Amemwekea mkono begani na kutamka neno moja tu.

"Usiandike."

Kamba hakugeuka. Tangu alfajiri alikuwa amesimama, na viatu vyake vya mpira vilikuwa na matope ndani na nje.

"Niandike nini basi, Mjomba?"

"Andika moramu na mawe. Wino ni ule ule. Kwani udongo una mdomo?"

"Na bomba?"

"Bomba nalisafisha sasa hivi. Mpwa wangu, mimi nimechoka, wewe umechoka, baba yako amechoka kuliko sisi wote. Mstari mmoja tu, sote tukalale."

Alisema kweli kuhusu kuchoka. Wiki ya nne hiyo. Mvua zilizopita barabara ilizama. Lori la mchanga liliingia hadi kwenye ekseli, na dereva wake mpaka leo anatembelea magongo. Sasa barabara ingejengwa upya, lakini kwanza ilitakiwa kujulikana chini kuna udongo gani na maji yamesimama wapi.

Kazi ya kusikiliza maji ilikuwa ya Kamba. Kila asubuhi, kabla mtambo haujawashwa, alishusha kwenye kila shimo futi kamba yenye kikombe kidogo cha chuma kwenye ncha. Kikombe kikigusa maji kililia *po!* naye akasoma namba, akaiandika. Kazini walimwita Kamba tu; jina la kike alilopewa na wazazi lilikuwa limeshasahaulika.

Mashimo matatu ya kwanza yalichimbwa pale palipozama. Yalitoa uji mtupu: mawe, lami na tope, vimechanganyika kama mizigo ya mtu aliyehama kwa kufukuzwa. Hayakusema lolote. Shimo la nne ndilo lilikuwa la kwanza mahali ambapo barabara haijazama, kando kabisa ya mapipa mekundu yaliyotenga kipande kibovu.

Nalo likasema udongo mweusi.

Na mtaa mzima ulijua nani alikuwa nyapara wa kipande hicho. Tangu lori lizame, baba yake Kamba hakuvuka kizingiti cha nyumba yake. Akipita mtoto anaimba, yeye husikia anaimbwa.

"Mpwa," Mjomba alisihi, "gari la Injinia hilo linakata kona."

Kamba alilitazama gari. Akalitazama daftari. Lo, mstari mmoja! Ni kama kuambiwa keti, wakati miguu inawaka moto.

Akaandika polepole: *udongo mweusi*.

Mjomba alimwondolea mkono begani kana kwamba bega limemuunguza.

"Haya," alisema. "Kamwambie baba yako mwenyewe."

*

Injinia alishuka kwenye gari kwa mafungu, mguu mmoja kwanza, akapumzika, kisha wa pili. Alikuwa mama wa makamo, miwani yake imefungwa kwa uzi, na kofia ya kazi aliivaa kama mtu aliyebeba ndoo.

"Shikamoo, Injinia."

"Marahaba. Nipe daftari."

Alisoma. Akarudia kusoma.

"Mwandiko wako hapa umetetemeka."

"Mkono umechoka."

"Wa nani haujachoka?" Aliinama juu ya bomba, akafinya udongo, akaunusa. Sasa anasema, Kamba alijiambia. Sasa anamtaja baba.

"Huu peke yake hauniambii kitu," alisema Injinia.

"Haukuambii?"

"Udongo mweusi una njia mbili za kufika hapa. Unaweza kuletwa na maji ya mtaro, kidogo kidogo, ukajaza nafasi kati ya mawe. Hapo kosa ni la mtaro." Aliufuta mkono kwenye suruali. "Au haukuletwa na mtu. Ulikuwa hapa kabla ya barabara, ukatakiwa kuchimbwa wote na kutupwa, wakaufunika. Hapo kosa ni la nyapara."

Kamba aligeuka kuutazama mtaro wa kando ya barabara. Mtaro! Miaka yote hakuna aliyewahi kuutaja mtaro!

"Tutajuaje ni upi?"

"Maabara. Wiki mbili."

"Wiki mbili?"

"Nami sina hata siku mbili. Mtambo unaondoka kesho jioni, umekodiwa kwingine. Limebaki shimo moja tu, na sijui niliweke wapi." Alinyoosha kidole ng'ambo ya mapipa, magari yalipokuwa yakisukumana kupita. "Kama udongo huu unaishia hapa, sawa. Kama unaendelea kule chini ya magurudumu, mapipa yangu yako mahali pa uongo."

Lori lilipita. Bomba likatikisika kidogo juu ya gunia.

Injinia alipoondoka, Kamba alikata kipande cha maabara na kipande cha ghala, akavifunga. Kila kinachotoka ardhini huchukuliwa mara mbili, maana karatasi hupotea na gari hupinduka. Hiyo ilikuwa sheria ya kazi, naye aliijua tangu hajui kusoma. Makombo yaliyobaki ndani ya bomba aliyakwangua kwa kisu, akayatia kwenye mfuko wa nailoni.

Mjomba alimwona. Alikuwa akifuta mtambo uliokwisha kuwa safi.

*

Baba alikuwa uani, amekaa kwenye kigoda, anashona kiatu ambacho hakuwa na pa kukivalia.

"Umerudi na uso wa deni," alisema.

"Baba, shimo la nne limetoa udongo mweusi."

Sindano ilisimama.

"Kina gani?"

"Mita moja na nusu."

"Nilimwaga mawe pale," alisema Baba. Alisema kama anavyosema mtu amina. "Kwa mkono wangu huu."

"Injinia anasema huenda umeletwa na maji ya mtaro."

Ndipo mzee alipoinua kichwa. Kamba hakuwa amemwona akikiinua hivyo tangu mvua zile.

"Huyo mama anajua kazi!" Alikitupa kiatu. "Mtaro ule ulikuwa unavuja tangu siku ya kwanza. Wanasubiri maabara?"

"Wiki mbili."

"Wiki mbili za nini? Una kipande?"

Kamba alimwonyesha mfuko wa nailoni.

"Sikiliza, mwanangu. Sisi hatukuwa na maabara, tulikuwa na jua. Ule ulioletwa na maji ni vumbi tu lililolowa. Ukikauka, unaupuliza unaruka. Lakini ule wa asili una kiburi. Ukikauka unapasuka nyufa, unakuwa mgumu kama jiwe, hata nyundo inauheshimu. Uweke juu ya bati. Kesho mchana tutakuwa na jibu, na wewe utakuwa umempita Injinia wako."

Walicheka wote wawili. Kamba alimpa donge, naye akalipanga juu ya bati la banda la kuku kwa vidole viwili, kama anaweka yai.

Jioni ile Baba alikula sahani yote na kuomba nyingine.

*

Asubuhi, kabla mtambo haujawashwa, Kamba alipiga magoti kwenye shimo la nne. Jana jioni alikuta kavu hadi mita mbili. Lakini shimo la jioni huongopa. Udongo wa namna ile hutoa maji polepole, na ndiyo maana hakuna anayeandika kipimo cha kwanza akakiita kipimo. Unalala, unarudi, unasikiliza tena.

Alishusha kamba. Hata hajaiachia vizuri.

*Po!*

Alidhani amekosea. Akaivuta, akashusha tena.

*Po!*

Sentimita arobaini. Maji yalikuwa chini ya lami kwa urefu wa goti la mtoto.

Injinia alivua miwani, akaipangusa, akaivaa. "Ardhi imeshiba," alisema. "Imeshiba mpaka kooni, na sisi tunaipitishia malori." Alitazama saa. "Saa nane nachimba shimo la mwisho. Nikikosa mahali, ndiyo nimekosa. Kama kuna mtu duniani anajua udongo huu unaishia wapi, namhitaji kabla ya hapo."

Mjomba aliangalia pembeni.

Kamba hakungoja chakula cha mchana. Miguu ilikuwa mizito, lakini ilijua njia. Kichwani alikuwa akipanga maneno: Injinia, nimekuja na baba yangu, na huu hapa ushahidi wake, upulize.

Alisukuma mlango wa ua.

Baba alikuwa amesimama kwenye banda la kuku, mgongo kwa mlango. Mkononi alishika kikombe cha bati. Alikuwa akichovya vidole, kisha akidondosha maji juu ya donge. Tone. Tone. Kwa uangalifu, kama mtu anayempa mgonjwa dawa.

Alikuwa akililowesha lisikauke.

"Baba."

Kikombe kilianguka. Kuku walitawanyika wakipiga kelele kama wao ndio waliofumaniwa.

"Ah, binti yangu, umerudi mapema. Jua lilikuwa kali mno, nikaona..."

"Baba. Tangu saa ngapi unalimwagia?"

"Lilikuwa linaanza..." Alijaribu kusimama wima. "Hata hivyo, tazama! Halijapasuka. Hakuna ufa hata mmoja. Mpelekee Injinia hivyo hivyo."

Kamba aliingia chumbani. Alirudi na kitu kwenye kiganja. Alikuwa amekiweka dirishani tangu jana, upande wa jua, bila kumwambia mtu, wala hakuwa na shaka yoyote. Alifanya kwa mazoea tu, kama mtu anavyofunga mlango.

Kilikuwa kipande cha pili.

Kilikuwa kimepasuka katikati na pembeni, nyufa kama za kisigino cha mkulima. Alikipiga kwenye ukuta. Kililia *ko, ko*, ukuta ukadondosha chokaa, chenyewe hakikutoa hata unga.

Baba alipapasa nyufa zake kwa kidole.

"Nani alikufundisha kuweka viwili?"

"Wewe."

Mzee alicheka kicheko kisicho na sauti, mabega tu yakipanda na kushuka. Kisha yakashuka yasipande tena. Alikaa kwenye kigoda.

"Tuliuchimba mweusi kipande kirefu," alisema. "Vizuri kabisa, mpaka kwenye udongo mgumu. Halafu malori ya mawe yakaacha kuja. Mkandarasi akasema Ijumaa lami iwe chini. Tukatandaza moramu juu ya mweusi, nyembamba kama shuka."

"Alikulazimisha?"

"Hapana."

"Alikupa kitu?"

"Hapana."

"Sasa kwa nini, Baba?"

"Nilichoka." Alisema kwa upole, kama anamweleza mtoto. "Watu wanataka sababu kubwa, mwanangu. Miezi kumi nilikuwa nalala kwenye turubai. Mama yako anaumwa, wewe hata meno hujamaliza kung'oa. Nikasema, kipande hiki kidogo tu, nikalale. Basi. Na tangu siku hiyo sijalala."

Kamba alikumbuka kalamu yake juu ya karatasi, na jinsi ule mstari mmoja ulivyokuwa umependeza. Alitaka kukasirika. Hakuona pa kuanzia.

"Na Mjomba anajua?"

"Nani alikuwa anaendesha mtambo wa kushindilia? Mjomba wako alinitazama, nikamtazama, akapitisha mara moja badala ya mara nane, tukaenda zetu."

Kwa hiyo lile *usiandike* halikuwa la kumkinga Baba peke yake.

"Ni urefu gani, Baba? Kipande hicho."

"Kidogo."

"Kidogo ni kiasi gani? Saa nane wanachimba shimo la mwisho. Magari yanapita pale."

Baba aliokota kiatu alichokuwa akikishona. Uzi ulikuwa bado unaning'inia. Alikivaa hivyo hivyo.

"Hatua ishirini," alisema. "Kuanzia kwenye mapipa. Twende."

*

Watu walimtazama akipita. Kinyozi alisimamisha mashine katikati ya kichwa cha mteja. Mtu mmoja alipaza sauti, "Leo nyapara amefufuka!" na mwingine akamnyamazisha. Baba alitembea akitazama ardhi, na Kamba alitembea kando yake akiwatazama watu kwa niaba yake.

Injinia alimsikiliza mzee dakika tatu, bila kumkatiza. Alipomaliza, hakumtukana. Hilo Baba hakulitegemea, likamuumiza zaidi.

"Ulikuwa na miaka kumi na miwili ya kusema hivi," alisema Injinia. "Umesema leo. Sawa. Kuna mtu yuko kwenye magongo, na hilo tutalizungumza mahali pake. Hatua ishirini?"

"Ishirini, mama."

"Fundi! Sogeza mtambo. Shimo la mwisho liwe hatua ya ishirini na moja. Tukikuta mawe, nasogeza mapipa hapo, na magari yote yatapita salama ng'ambo."

Mjomba alimtazama shemeji yake kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi. Hawakusalimiana. Alipandisha mtambo juu ya lori lake, akausogeza, akaanza kushusha miguu yake ya chuma kwenye lami.

"Mwonyeshe mahali penyewe," Injinia alimwambia Baba. "Hesabu."

Mzee alivuka mapipa. Kamba alimfuata na daftari, akihesabu kwa sauti ili wote wasikie.

"Moja. Mbili. Tatu."

Pikipiki ilipiga honi, ikawakwepa.

"Kumi na nane. Kumi na tisa. Ishirini."

Mtambo ulikuwa hapo, tayari. Mjomba alikuwa na mkono kwenye wenzo.

Baba hakusimama.

"Baba, ishirini hiyo."

Aliendelea kutembea. Kiatu kilichokuwa na uzi kilipiga lami *pa, pa*. Ishirini na tano. Thelathini. Kamba alisikia nyuma yake mtambo ukizimwa. Hakuna aliyemwambia Mjomba auzime.

"Nyapara!" Injinia aliita. "Unaenda wapi?"

Hamsini. Sitini. Kamba hakuhesabu tena kwa sauti, lakini midomo yake haikuacha. Alijua sasa. Uani alipewa kipimo cha kwanza, naye, msikiliza maji mzima, alikiamini.

Themanini. Hapo barabara ilikuwa nzima, nyeusi, nzuri, haina hata tundu. Basi la wanafunzi lilikuwa limeegeshwa upande mmoja, limejaa vichwa vidogo madirishani, dereva wake amekwenda kununua maji. Mia moja. Mia moja na kumi.

Mia moja na kumi na mbili.

Mzee alisimama katikati ya njia, sambamba na basi lile. Alipiga lami kwa kisigino, mara moja, akainamisha kichwa kusikiliza. Kisha akageukia upande ambao magari yanatokea.

Lori la mchanga, limejaa pomoni, lilikuwa linakuja.

Baba aliinua mikono yote miwili juu. Breki zililia. Lori liliteleza, likayumba, likasimama hatua tatu kutoka kifuani pake. Utingo akatoa kichwa dirishani na matusi yake yote.

Hayakufika mbali. Chini ya gurudumu la mbele lami ilikuwa inakunjamana taratibu, kama nguo inayosukumwa na mkono. Kwenye mkunjo palitokea ufa mwembamba. Ufa ukatoa maji. Ukaanza kutembea, bila haraka, kuelekea kwenye matairi ya basi.

"Kamba," aliita Baba, bila kushusha mikono, bila kugeuka. "Andika."